MGOMBEA HURU AHESABU WATU KWANZA



Kila uchaguzi ukikaribia, maneno huwa yale yale hapa Kaloleni. Kura za mchujo za chama cha siasa zikiisha, aliyeshindwa hukasirika, na kesho yake hutangaza kwamba atasimama peke yake. Lakini wako pia wafanyakazi wanaofikiri kuomba kiti cha wadi bila chama cha siasa tangu mwanzo, kwa kuwa wamechoka kuchaguliwa watu na wakubwa. Hao twawaunga mkono. Hata hivyo twataka kusema wazi, maana mfanyakazi akikosea hapa huenda akapoteza kura na kazi pia.

Haki hii haikuletwa na upepo. Mwezi wa Agosti 1968, katika uchaguzi wa kaunsili, karatasi za wagombea wa chama cha KPU, wapatao 1,800, zilikataliwa zote, ikasemwa hazikujazwa sawasawa. Mwaka huo huo Katiba ikabadilishwa, mtu akakatazwa kuomba ubunge bila kupendekezwa na chama cha siasa. Mlango huo ulifunguliwa tena na Katiba ya 2010. Katika uchaguzi wa 2022 wagombea huru 12 waliingia Bunge la Taifa. Basi jambo hili lawezekana.

Wala asidharau mtu kiti cha wadi. Bi. Grace Onyango, aliyekuwa mwalimu, alianza kwa kuchaguliwa kaunsila wa Kaloleni mwaka 1964. Mwaka 1965 akawa Meya wa Kisumu, na mwaka 1969 akaingia Bungeni. Tangu 2013 kaunsili hazipo tena, na mwakilishi wa Wadi ya Shaurimoyo Kaloleni hukaa katika Bunge la Kaunti. Huko ndiko hupitishwa ushuru wa soko, leseni za biashara, fedha za zahanati na za kuondoa takataka. Mambo hayo humgusa mfanyakazi kila siku, na mengi hayamo katika mapatano yetu na tajiri.

Sasa anayetaka kusimama ajue haya:

Kwanza, asiwe mwanachama wa chama chochote cha siasa kwa muda wa miezi 3 kabla ya siku ya uchaguzi. Atazame daftari la Msajili wa Vyama kwa macho yake, maana mwaka 2021 watu wengi walikuta majina yao yameandikwa katika vyama wasivyopata kujiunga navyo.

Pili, aungwe mkono na wapiga kura 500 walioandikishwa katika wadi hiyo, nao wasiwe wanachama wa chama cha siasa.

Tatu, alama yake ikubaliwe na Tume ya Uchaguzi mapema, isifanane na ya chama chochote.

Nne, sheria ya uchaguzi ya 2011 yamtaka mtumishi wa umma anayegombea ajiuzulu miezi 6 kabla. Mwalimu wa serikali, muuguzi na karani wa kaunti wasikie vema. Aliyeacha kazi kwa sababu ya hasira tu, mshahara hautamngoja.

Ndugu, katika hayo yote lililo kubwa ni la watu 500. Wengine huona ni mzigo. Sisi twaona ni shule. Mtu asiyeweza kuwapata watu 500 wa kutia sahihi, atawapata wapi maelfu wa kupiga kura, na mawakala wa kulinda kura hizo katika kila kituo? Tena akiisha kuingia, Bunge la Kaunti huendeshwa kwa vyama: kamati hugawanywa na wakubwa wa vyama, na mtu wa peke yake ni sauti moja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nguvu yake itatoka nje ya ukumbi, kwa wale waliotia sahihi, wakimfuata kila mwezi na kumwuliza kuhusu ushuru na takataka.

Kuna faida moja nyingine. Kwa Katiba, aliyechaguliwa kama mgombea huru akijiunga na chama cha siasa hupoteza kiti chake. Kwa hiyo hawezi kuhama na kura zetu mfukoni. Hiyo ni ahadi yenye sheria nyuma yake.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Uchaguzi ujao kwa Katiba ni tarehe 10 Agosti 2027. Anayefikiri kusimama aanze na majina. Apite nyumba kwa nyumba, sokoni na stendi, akiwa na daftari, kabla ya kupiga picha na kuchapa mabango. Aandike pia watu wanataka nini. Akipata 300 tu, arudi kazini bila aibu, amsaidie mwenziwe aliyepata 600. Wawili wakigawana kura za wafanyakazi, tajiri hufurahi.

Na sanduku la chama chetu lisiguswe. Fedha zile ni ada ya wanachama wote, wenye kadi za siasa na wasio nazo. Mwanachama atakayemsaidia mgombea atoe kutoka mfukoni mwake na kwa miguu yake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Umoja ni nguvu.