Gitaa Halina Kengele

Kuna ugonjwa ulioenea katika nchi yetu, nao hautibiwi hospitalini. Ni ugonjwa wa kuamini kwamba jambo lisilo na mtihani si elimu, na kwamba mtu asiyeweza kuonyesha cheti hakujifunza kitu. Nimeishi na ugonjwa huu karibu miaka 40, kwanza nikiwa mwalimu wa darasani na hatimaye nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Nilipostaafu nilitumaini kwamba utabaki huko huko ofisini pamoja na mafaili. Haukubaki. Ulinifuata hadi barazani kwangu tangu watu waliponiona nimepakata gitaa.

Naomba nieleweke. Mimi si mwanamuziki, wala sina haja ya kuwa mwanamuziki. Nina umri wa miaka 74. Gitaa langu ni gitaa kavu, yaani lile la mbao lisilotumia umeme, lenye nyuzi 6. Mwalimu wangu ni kijana jirani, fundi seremala, ambaye hunipa shikamoo kwa heshima zote kabla ya kuniambia kwamba kidole changu kimekaa pabaya. Huu ni mwaka wa tatu najifunza. Najua kodi 7, na kodi ninazozisema si zile zinazolipwa serikalini, bali ni nyuzi kadhaa zinazobonyezwa kwa mpango ili zilie pamoja. Kwa kodi hizo napiga nyimbo 5 za dansi la zamani, na wimbo wa sita unanisumbua hadi leo. Hayo ndiyo mafanikio yangu yote, na nimeridhika nayo.

Walioniona hawakuridhika. Mzee mwenzangu mmoja alitikisa kichwa akasema, “Mwalimu, samaki mkunje angali mbichi.” Mkwe wangu, mtu mwema na mwenye adabu, aliniuliza, “Baba, mwisho wa mafunzo haya mtapewa cheti gani?” Naye mjukuu wangu alinionyesha katika simu yake somo linaloahidi kumfundisha mtu gitaa kwa siku 30, akashangaa kwa nini najichelewesha. Watatu hawa hawafanani kwa umri wala kwa mawazo, lakini wote wanasema neno moja: kwamba faida ya kujifunza iko mwishoni tu, na njiani hakuna kitu. Neno hilo nalipinga, na nitawajibu mmoja mmoja.

Nianze na mzee mwenzangu na samaki wake. Methali ile ni ya kweli kwa samaki, na labda kwa mtoto anayelelewa. Lakini taifa hili liliwahi kuikataa mbele ya watu wote. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Sisi tulioingia kazini miaka ile tulifundisha watoto asubuhi, na alasiri tukafundisha baba zao na mama zao. Tuliwaita ngumbaru, nao hawakulichukia jina hilo. Nimemwona kwa macho yangu bibi wa makamo ya mama yangu akiishika kalamu kama anayeshika mwiko, akatoa jasho juu ya herufi moja, kisha akacheka alipoiona imesimama. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba amekwisha kukauka. Tulimwambia elimu haina mwisho. Je, tulikuwa tunasema kweli, au tulikuwa tunampa moyo tu ili takwimu zipande? Kama tulisema kweli, basi na mimi leo ni ngumbaru wa gitaa, na ninadai haki ile ile.

Sikatai kwamba vidole vya mzee ni vizito. Asubuhi vyangu huamka baada yangu. Lakini gitaa linazo njia za kumhurumia mtu. Ukibonyeza uzi karibu kabisa na kile chuma chembamba kilichokingama shingoni, nyuma yake kidogo, nguvu ndogo inatosha na sauti inatoka safi. Nyuzi za nailoni haziumizi ncha za vidole kama zile za chuma. Ziko kodi zinazohitaji vidole viwili tu. Hata aliyepungukiwa na vidole hafungiwi mlango: Django Reinhardt aliungua katika moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikalemaa, naye akaendelea hadi akawa mmoja wa wapigaji wakubwa wa Ulaya. Yuko pia mama mmoja wa Marekani, Elizabeth Cotten. Alijifundisha gitaa utotoni, akalipiga kwa mkono wa kushoto huku amelipindua juu chini, kisha akaliacha kwa miaka mingi. Alilirudia akiwa mtu mzima sana, anafanya kazi za nyumbani katika familia ya watu. Sahani yake kubwa ya kwanza ilitoka mwaka 1958, alipokuwa amevuka miaka 60. Simtaji ili kudai kwamba nami nitatoa sahani. Namtaja ili mzee mwenzangu aache kuwazika watu kabla ya siku zao.

Sasa nimgeukie mkwe wangu na cheti chake. Swali lake si la kijinga. Tumemlea katika nchi ambamo mtoto wa darasa la saba anajua neno “kufaulu” kabla ya kujua anapenda nini. Tena mitihani ya gitaa ipo. Iko bodi ya London iliyoanzishwa mwaka 1889 ambayo hutahini muziki kwa madaraja 8, na wanafunzi wa nchi nyingi huifanya mitihani hiyo. Anayetaka kuwa mwalimu wa muziki, au kuingia chuo cha sanaa pale Bagamoyo, na apimwe, tena apimwe sawasawa. Sitaki kufundishiwa wajukuu na mtu asiyejua kazi yake. Ninachokipinga ni kumchukua mtu anayetaka kucheza na nyuzi baada ya kazi za mchana na kumvika sare, kumpigia kengele na kumpa namba ya mtihani.

Jambo hili lilinifikia mezani nilipokuwa mkuu wa chuo. Tulikuwa na magitaa 4 ya zamani, na jioni za Jumamosi wanachuo walikusanyika chini ya mwembe wakafundishana. Mkufunzi mmoja mwenye bidii aliniletea pendekezo lililopigwa chapa vizuri: kuwe na rejista ya mahudhurio, mpango wa masomo, na jaribio kila mwezi. Nilimwuliza wanachuo wangapi wanakuja sasa. Akajibu, kama 20. Nikamwuliza nani anawalazimisha. Akanyamaza. Nililikataa pendekezo lile, na likiletwa leo nitalikataa tena. Baadhi ya wanachuo wale walikwenda kufundisha vijijini, na wawili walipata kuniandikia kwamba gitaa ndilo lililowasaidia kuvumilia mwaka wa kwanza wa upweke. Katika rejista ya mahudhurio sijui jambo hilo lingeandikwa kwenye safu ipi.

Wala si fikra niliyojitungia. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, mojawapo ya mambo aliyoyalalamikia ni jinsi mitihani ilivyotukuzwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi ya kila siku ya mwanafunzi nayo ihesabiwe. Tuliyaimba maneno hayo, tukayaandika ubaoni, kisha tukarudi pale pale. Leo mzazi anamwuliza mtoto, “Umepata ngapi?” na asipopata jibu hana swali la pili.

Tena tazama historia ya gitaa lenyewe katika sehemu zetu hizi. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville huko Katanga, mji ambao leo unaitwa Likasi, Hugh Tracey alimnasa sauti kijana aliyeitwa Jean Bosco Mwenda. Wimbo wake Masanga ulisambaa Afrika nzima na nje yake. Kijana yule alijifundisha mwenyewe, akapiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, na mtu anayesikiliza akadhani wapo wapigaji wawili. Baadaye John Low, mpigaji gitaa wa Uingereza, alisafiri mpaka huko ili ajifunze mapigo yale kwa wenyewe, akaandika kitabu cha safari hiyo kilichotoka mwaka 1982. Magharibi mwa Kenya, akina George Mukabi walilipiga gitaa kavu huku mwenzao akikwaruza chupa ya soda kushika mwendo. Kama watu hao wangengoja mtahini ndipo waanze, tungekuwa na nini leo cha kusikiliza?

Nimebakiwa na mjukuu wangu, ambaye hoja yake ndiyo ngumu zaidi kwa sababu inavaa nguo za maendeleo. Siku 30! Kwanza nimwambie kwamba ngozi haijui tangazo la biashara. Ncha za vidole vya mkono wa kushoto lazima zianze kwa kuuma, kisha ziote sugu, na sugu haioti kwa kuharakishwa. Mtu akijitesa saa 4 siku moja, kesho hashiki hata kijiko, na gitaa linapanda juu ya kabati. Robo saa kila siku inamfikisha mbali kuliko hizo saa 4 za Jumapili. Hili kila mwalimu aliyefundisha hesabu za kuzidisha analijua: kidogo kidogo, kila siku, na kurudia. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha gitaa hujazwa kwa punje ndogo kweli kweli.

Pili, hebu tuulizane haraka hii ni ya kwenda wapi. Mtu anayekwenda Dodoma kwa basi ana sababu ya kutaka kufika upesi, kwa kuwa shughuli yake iko Dodoma. Lakini anayepiga gitaa barazani amekwisha kufika. Shughuli yake iko pale pale alipokaa. Ile kodi inayotaka kidole kimoja kilale juu ya nyuzi zote 6 ilinichukua miezi 5. Siku za mwanzo ilitoa sauti ya bati. Siku moja nyuzi 3 zikalia, wiki nyingine 4, na jioni moja zikalia zote. Fundi wangu alipiga makofi, mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Je, ningelipa fedha ili miezi ile 5 ifutwe? Ndiyo iliyokuwa na raha yenyewe.

Najua nitakachoambiwa: kwamba nahubiri uvivu. Nimesimamia vijana miaka mingi, na mvivu namjua hata akiwa amelala mbali. Mvivu hakai robo saa kila jioni akirudia mahali pale pale alipokosea. Kwenda kwa mwendo wako si kutokwenda. Mwenda pole hajikwai, lakini methali inasema mwenda, haikusema mkaa. Furaha nayo si adui wa bidii. Mtoto akifurahia jambo, humwiti darasani kwa kengele. Kazi yako ni kumkumbusha kwenda kula.

Mtu anaweza kusema, hili ni gitaa tu, mzee anakasirikia nini? Nakasirika kwa sababu nimewazika wenzangu wengi waliostaafu. Walikuwa watu hodari, waliozoea kupangiwa ratiba tangu wakiwa na miaka saba. Kengele ilipokoma kulia wakakaa kitini wakingoja nani aje kuwaambia kipindi kinachofuata. Hapakuja mtu. Sisemi kwamba gitaa lingewaongezea siku. Hilo ni la Mungu. Nasema tu kwamba hawakuwahi kufundishwa kujifunza kitu kwa kukipenda, na kosa hilo si lao, ni la mfumo uliowaambia kwamba kisicho na alama ni mchezo, na mchezo ni wa watoto. Sasa tunawafunza wajukuu wetu vile vile. Shule inayopiga muziki siku ya wageni tu, na kuufungia stoo siku nyingine zote, inazalisha wastaafu wa aina hiyo wa mwaka 2080.

Basi, ndugu msomaji, kama juu ya kabati lako kuna gitaa lililojaa vumbi, lishushe. Badilisha nyuzi zilizoota kutu, bei yake si ya kutisha. Tafuta kijana anayejua, umwamkue vizuri, na usione haya akikusahihisha. Anza na kodi mbili. Zikikubali, tafuta wimbo ulioupenda ulipokuwa na miaka 20, uupige polepole kama unavyoweza. Akija mtu barazani akakuuliza uko darasa la ngapi, mkaribishe kiti, umwambie akae asikilize, na uendelee kupiga.