Ziwa Bila Daftari

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo niliifundisha kwa miaka mingi. Sasa, katika uzee wangu hapa Ngumbo, naiona ikitimia mbele ya baraza yangu, katika Ziwa Nyasa.

Miaka kadhaa iliyopita walifika wageni wenye vyombo vya kupimia. Wakateremsha chupa ziwani, wakapima joto, oksijeni na utindikali wa maji, wakaandika. Niliomba nakala kwa ajili ya shule. Niliahidiwa. Hadi leo naisubiri.

Wapo watakaosema, "Mwalimu, takwimu ni mambo ya wataalamu na serikali, tena mpaka wenyewe haujaamuliwa." La hasha! Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ulituachia ugomvi wa mpaka na ndugu zetu wa Malawi, nao ukafufuka mwaka 2012. Lakini samaki hawakuusoma mkataba huo. Yule tunayemwita mbasa, ng'ambo wanamwita mpasa. Ni samaki yule yule. Ziwa lina kina cha mita 700 hivi, ila chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni. Samaki huishi tabaka la juu tu. Maji ya juu yakizidi joto, upepo hushindwa kuyachanganya na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki hupungua. Hasara hiyo haichagui Mtanzania, Mmalawi wala Mmsumbiji.

Tena ahadi ipo. Itifaki ya SADC ya mwaka 2000 kuhusu maji ya pamoja yazitaka nchi zipashane habari za ubora wa maji hayo. Na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikubaliana kushirikiana kisayansi juu ya utindikali wa bahari, upimwe katika vituo vilivyokubaliwa. Ikiwa bahari za dunia zatafutiwa daftari moja, ziwa la nchi tatu linashindwaje?

Walimu wawili wakisahihisha mtihani mmoja kwa miongozo miwili, alama zao hazilinganishiki. Kwa hiyo nasema: nchi tatu zipime kwa njia moja, ziandike katika daftari moja, na nakala ibandikwe mwaloni, mvuvi aisome. Anayeficha vipimo vya maji tunayokunywa hailindi nchi yake, ndugu msomaji. Analinda ujinga.