Ua la Kivulini Linalojifanya Limekufa

Je, msomaji, unayo ile pembe ya bustani chini ya mwavokado, ambako jua halifiki na nyasi zimekataa katakata kuota? Aghalabu pembe kama hiyo huishia kuwa mahali pa kutupia matofali mabovu. Basi lipo ua la misitu yetu wenyewe linalopenda kivuli cha aina hiyo hiyo, ila ni wachache mno mjini wanaolijua.

Jina lake la kitaalamu ni Scadoxus multiflorus. Vitabu vya zamani huliita Haemanthus, kwa hivyo usibabaike. Chini ya ardhi lina tunguu linalofanana na kitunguu. Mvua zikianza, bua moja nene huchomoza, na juu yake hufunguka mpira mwekundu wa vijiua vinavyoweza kufikia 200. Pambo hilo hudumu wiki moja au mbili hivi, kisha hubaki majani mapana, nayo pia yanapendeza.

Taabu huja kiangazi. Majani hugeuka manjano, hunyauka na kutoweka kabisa. Mwenye nyumba hudhani mmea umekufa, akaung'oa na kuutupa jaani; au huuhurumia, akaumwagia maji kila jioni hadi tunguu likaoza. Kumbe ulikuwa umelala tu! Majani yakikauka, acha kunyunyizia maji. Chomeka kijiti mahali hapo ili jembe lisilikate, kisha ungoje mvua.

Udongo usituamishe maji. Changanya mchanga kidogo na mboji ya majani, na shingo ya tunguu iwe sawa na uso wa udongo. Halipendi kuhamishwahamishwa. Wewe uishiye ghorofani, chungu chenye matundu kwenye roshani yenye kivuli kinatosha.

Tafadhali usiende kulichimbua Karura au Ngong. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza kutoa mimea msituni bila kibali. Waulize wauza miche, au umwombe mwenye nalo matunda yake mekundu. Ondoa nyama ya tunda, ubonyeze mbegu juu ya udongo bila kuifukia. Subira inahitajika: mtoto wa gredi ya nne akipanda leo, huenda akafika ya saba au zaidi kabla ya kuona ua.

Jambo moja nalisisitiza kwa wazazi. Tunguu hilo lina sumu, na sehemu kadhaa za Afrika limetumiwa kupaka mishale na kuvulia samaki. Ukilichimbua, usiliweke jikoni hata kwa dakika moja, kwani atakayepika atalidhania kitunguu. Nawa mikono baada ya kulishika. Na mtoto akilitafuna, usingoje aanze kutapika. Mkimbize hospitali, ukibeba na kipande cha mmea wenyewe daktari akione.