KURASINI ILIWATAYARISHA WENGINE. SASA TUWATAYARISHE WETU

Kila mwaka, majibu ya mtihani wa Kidato cha Sita yakisha kutangazwa, nyumba nyingi za Mbagala, Tandika, Tandale na Mwananyamala huingia katika shughuli moja. Mtoto amefaulu Fizikia, Kemia na Hesabu. Anataka kuwa mhandisi. Wazazi wanaambiwa kuwa nafasi iko ng'ambo, na anatokea wakala na makaratasi yake mazuri. Kiwanja kinauzwa, wajomba wanachangishwa, kijana anapanda ndege. Akifika huko anaelezwa jambo ambalo wakala hakulisema: kwamba hawezi kuanza digrii mpaka kwanza akae mwaka mzima katika masomo ya matayarisho, na mwaka huo una ada yake. Habari inarudi nyumbani kwa simu, na kiwanja cha pili hakipo.

Hatusemi kwamba mwaka huo ni wizi. Wenye vyuo wana sababu zao, na sababu hizo ni za kweli. Katika Ujerumani, mgeni ambaye cheti chake hakimpi ruhusa ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja hupelekwa mahali panapoitwa Studienkolleg, kwa kawaida mihula miwili. Anayetaka uhandisi husoma hesabu, fizikia na Kijerumani, kisha hupimwa kwa mtihani. Chuo Kikuu cha Urafiki kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960, ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina la shahidi wetu Patrice Lumumba, kilikuwa na utaratibu kama huo: kijana wa Kiafrika alitumia mwaka wa kwanza kujifunza Kirusi na kurudia sayansi kwa lugha hiyo, ndipo akaingia katika darasa la uhandisi au la udaktari. Wakubwa hawa walijua kwamba mtu anaweza kuwa na akili kali ya hesabu na bado akaanguka kwa sababu hakulielewa swali.

Uingereza nako uko mwaka wa namna hiyo, lakini ada yake huhesabiwa kwa maelfu ya pauni, na mara nyingi shughuli yenyewe iko mikononi mwa makampuni.

Basi twauliza: kama mwaka huu wa matayarisho ni wa lazima, kwa nini tuununue kwa bei ya ng'ambo? Masomo yake si siri. Ni hesabu, fizikia, maabara, na lugha ya kuandikia. Yote hayo yanaweza kufundishwa Temeke.

Wapo watakaocheka. Hao tunawakumbusha Kurasini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa maskini kabisa wa watu wenye elimu ya juu. Mwalimu Nyerere, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walituachia wahandisi 2 na madaktari 12. Kijana wa Tanganyika aliyetaka uhandisi ilimbidi aende Nairobi au mbali zaidi, kwa kuwa hapa Dar es Salaam kitivo cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973 tu. Lakini katika umaskini huo huo tulitoa mahali pa kuwatayarisha watoto wa wengine. Hapo Kurasini, mwaka 1963, ilifunguliwa Taasisi ya Msumbiji ya FRELIMO, ikiongozwa na Bibi Janet Mondlane. Mfuko wa Ford wa Marekani ulitoa fedha za mwanzo, kisha haukuendelea. Nchi za Skandinavia, Sweden ikiwa mbele, zikaushika mzigo. Kurasini hiyo hiyo ilikuwako skuli nyingine ya kimataifa, ya wakimbizi kutoka nchi za kusini mwa Afrika, ambao walisomeshwa wapate cheti cha kuwafikisha vyuo vya juu.

Vijana wa Msumbiji walikuja na Kireno kidogo walichopewa na misheni, wakaishi katika mji wa Kiswahili, huku wakitazamia kusoma chuo kikuu kwa lugha ya tatu au ya nne. Mreno hakuwa na haja ya mhandisi Mwafrika. Aliwaachia kazi ya pamba na ya shokoa. Kwa hiyo darasa la hesabu pale Kurasini lilikuwa sehemu ya vita.

Lakini hatutaki kuisimulia habari hii kama hadithi tamu, kwa kuwa skuli ile ilivunjika. Mwaka 1968 ulizuka ugomvi mkubwa ndani yake. Viongozi wa FRELIMO waliamua kwamba wanafunzi waache masomo kwa muda waende kushiriki katika mapambano ndani ya Msumbiji. Wapo wanafunzi waliokataa, wakisema wao waliahidiwa masomo ya ng'ambo. Mambo yakafika kwenye fujo, na skuli ikafungwa. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Februari 1969, Dr. Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi, katika nyumba ya Oyster Bay, upande wa Kinondoni.

Ni rahisi kuwaita wanafunzi wale waoga na wachoyo. Wako waliowaita hivyo. Sisi twaona kosa lilikuwa pande zote mbili. Kijana aliyelishwa na kusomeshwa kwa jasho la harakati alikuwa na deni. Lakini deni lazima litajwe siku ya kwanza, si siku ya kulidai. Leo Serikali inatoa ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi katika Kidato cha Sita. Ni jambo jema sana. Twaomba tu kwamba popote fedha ya umma inapomsomesha kijana, aambiwe wazi mapema taifa linatazamia nini kwake, naye aambiwe taifa litamfanyia nini akirudi. Mhandisi anayerudi akakaa miaka bila kazi naye amevunjiwa ahadi.

Kuna watu wanaosema: Kidato cha Tano na cha Sita ndicho matayarisho yenyewe, mwataka nini tena? Twawajibu kwamba kufaulu mtihani ni jambo moja, na kuwa tayari kwa kazi ya chuo ni jambo jingine. Mtoto wetu husoma kwa Kiswahili katika skuli ya msingi ya Serikali, kisha siku moja tu anapoingia Kidato cha Kwanza hutupwa katika Kiingereza, na humo ndimo hukutana na fizikia. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023, katika kila watahiniwa wanne waliofanya Hesabu, takriban mmoja tu ndiye aliyefaulu. Wanaofika Kidato cha Sita cha sayansi ni mabaki ya chekecheo hilo kali, na hata hao wapo walioshika vyombo vya maabara kwa wiki chache tu kabla ya mtihani.

Tena si watoto wetu peke yao. Vijana wa Kongo na Burundi wanabisha hodi katika vyuo vyetu na vyeti vya Kifaransa. Baraza la Mitihani litalinganisha cheti chao, lakini halitawapa lugha ya darasani. Wakikaa benchi moja na vijana wetu katika mwaka huo wa matayarisho, wote watafaidi.

Mahali papo. Chang'ombe kuna chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachofundisha walimu wa sayansi tangu 2005. Kinondoni kuna makao ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kimekwisha kufundisha kozi ya msingi kwa wale ambao alama zao hazikutosha. Tunachokitaka ni darasa la jioni la mwaka mmoja, katika wilaya zote mbili, lenye maabara ya kweli na ada ambayo muuza samaki wa Feri anaweza kuilipa. Na vyuo vya ng'ambo viombwe tangu mapema kuutambua mtihani wake, maana bila hivyo kijana atatayarishwa mara mbili.

Wazee wetu wa TANU na jumuiya ya wazazi, TAPA, hawakungoja mkoloni katika miaka ya 1950. Walifungua skuli kwa michango ya senti. Matawi ya Temeke na Kinondoni yaanze kwa kuandika majina ya walimu wastaafu wa hesabu na fizikia wanaoishi katika mitaa yao, na kuwauliza nani yuko tayari kufundisha jioni mbili kwa juma. Orodha hiyo iwe mezani kabla majibu ya Kidato cha Sita hayajatoka tena, na kabla wakala hajafika.