Kanda za harusi: nani atakaa mbele ya deki?



Juu ya makabati ya nyumba nyingi za Waislamu hapa Songea, nyuma ya masanduku ya vyombo vinavyotoka siku ya Idi tu, zimelala kanda za video. Zimo humo harusi, maulidi, khitma, hafla za madrasa na mapokezi ya mahujaji. Wazee wetu walizigharimia sana. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na mji wetu uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli hadi mwaka 2018 ulipounganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya umeme itokayo Makambako. Tuliokulia hapa tunaijua harusi ambayo kwenye kanda hukatika pale bwana harusi anaponyoosha mkono, kisha picha hurudi watu wakiwa wanakula pilau. Umeme ulikuwa umekwenda.

Kanda hizo sasa zinakufa, na zinakufa kwa sababu mbili. Kwanza ni umbile lake. Ndani ya kanda ya VHS mna utepe wa plastiki wenye upana wa nusu inchi, uliopakwa chembechembe za sumaku kwa gundi maalumu. Kanda ya saa tatu huwa na utepe wa karibu meta 250. Gundi hiyo hunyonya unyevu na hulegea kadiri miaka inavyopita. Masika yetu, ambayo huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, huzaa ukungu mweupe katika utepe uliofungiwa mahali pasipopita hewa. Sababu ya pili ni mashine. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ikiendelea kutengeneza deki baada ya wenzake kuacha, ilisitisha kazi hiyo Julai 2016. Tangu hapo tunaishi kwa deki kuukuu na kwa mafundi ambao nao wanazeeka.

Kwa hiyo kuzihamisha kanda hizi katika diski au katika kompyuta ni jambo lisilofaa kuahirishwa. Hapo hakuna ubishi. Ninalotaka kulizungumza ni lile ambalo watu hulipita haraka.

Mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane, alinijia ofisini na kanda tatu zilizofungwa katika kanga. Ilikuwa harusi ya binti yake, katikati ya miaka ya 1990. Akasema, “Ustadhi, nichomee hizi kwenye CD kabla sijafa.” Nikamuuliza nani alirekodi. Akanitajia dada mmoja, marehemu sasa, Allah amrehemu, aliyekuwa akikodishwa na familia za Kiislamu kwa sababu aliingia ukumbini kwa kina mama bila kumfadhaisha mtu. Nikamrudishia kanda zake, tukakaa kuzungumza.

Wengi hudhani kuhamisha kanda ni kama kunakili faili, kitu cha dakika mbili. Sivyo. Kanda ya saa tatu huhamishwa kwa saa tatu. Deki huicheza mwanzo hadi mwisho, picha ikipita katika waya kuingia kwenye kompyuta. Anayeifanya kazi hiyo vizuri huitazama picha, kwa sababu utepe hukwama, michirizi hujitokeza, sauti hupotea, na hayo hurekebishwa palepale. Basi mtu atakaa saa tatu mbele ya ukumbi wa wanawake waliovua mabuibui yao wakijua kwamba wako peke yao. Dada yule aliajiriwa ili macho ya ajinabi yasiingie pale. Tukimpelekea kanda hiyo kijana wa duka la picha, tumeyaingiza wenyewe, baada ya miaka karibu 30.

Sitoi fatwa, wenyewe masheikh wapo. Lakini aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, tunaisoma mara nyingi tukizungumzia fedha za watu, na sioni kwa nini sura ya mwanamke iwe amana ndogo kuliko fedha. Aliyeifungua kwa wanawake wenzake hakuifungua kwa fundi, wala kwa mjukuu wa bwana harusi ambaye hakuwa amezaliwa.

Kuna jingine. Kanda ilikuwa na sitara yake ya asili. Ilikuwa moja, au mbili kama ndugu wa Tanga walinakiliwa ya kwao. Ilihitaji deki, televisheni na umeme, na mwenye nyumba aliwajua waliokaa sebuleni. Faili halina sebule. Likishaingia katika simu ya mtu mmoja, jioni limo katika kundi la WhatsApp la ukoo, na kesho liko Muscat na Leicester. Bibi arusi wa kanda ile huenda leo ni bibi wa watu aliyekwisha kubadili mavazi na mwenendo wake; huenda aliachika na hataki kuitazama siku hiyo tena. Dini imetufunza kubisha hodi na kusubiri ruhusa kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu. Kanda ya harusi nayo ina mwenyewe, naye ni bibi arusi kabla ya kuwa baba yake aliyelipa gharama. Aulizwe yeye kwanza. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini picha ikishasambaa, sheria hufika watu wakiwa wamekwisha kuangalia.

Suluhisho si kuziacha ziliwe na ukungu. Kazi hii wanawake wanaiweza bila fundi. Inataka deki inayofanya kazi, waya zile tatu za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu, kifaa kidogo cha kupokelea picha kinachochomekwa katika kompyuta, na binti wa nyumbani aliyezoea kompyuta chuoni. Fundi akihitajika, aje afunge mitambo na kuijaribu kwa kanda ya maulidi ya wanaume, kisha anywe chai yake aende. Ikibidi kabisa kwenda dukani, nendeni na diski yenu, ketini hapo hadi mwisho, na mhakikishe faili limefutwa katika kompyuta ya duka pamoja na kile kikapu ambamo kompyuta huweka vilivyofutwa. Mwenye duka mwaminifu hatakasirika. Atakayekasirika amekwisha kuwapa jibu.

Kabla ya kuicheza kanda, ivunjeni ile pembe ndogo ya plastiki iliyo mgongoni mwake, ili isirekodiwe juu kwa bahati mbaya. Ipelekeni mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma mara moja ili utepe ujipange. Yenye ukungu isiingizwe katika deki, kwani huchafua vichwa vya mashine na kuambukiza kanda zinazofuata.

Kuhusu CD aliyoitaka mama yetu, nilimwambia kweli: CD ya video hubeba kama saa moja na robo, na DVD ya kawaida, yenye ukubwa wa GB 4.7, hubeba saa mbili kwa ubora mzuri. Diski za bei ndogo huchubuka upesi, na kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kuzitia. Achomewe kwa ajili ya kutazama, lakini hazina yenyewe ikae katika diski mbili za nje za kompyuta, katika nyumba mbili tofauti. Kanda ya asili isitupwe.

Na wakati wa kuhamisha ndio wakati wa kutenganisha. Kanda nyingi za harusi zina nikaha msikitini, na humo ndimo zilimo sauti za masheikh waliokwisha kutangulia, wakitoa khutba na mawaidha ambayo hayakuandikwa popote. Wapo watu wazima hapa mjini ambao hawajaisikia sauti ya baba yao tangu walipomzika, nayo imo katika kanda ya jirani, dakika ya arubaini, akimtaka bwana harusi apaze sauti anapokubali. Sehemu hiyo ikatwe iwe faili lake, na hiyo itoeni kwa kila anayeihitaji.

Kamati yetu imepata deki moja nzima. Kanda za misikitini na za upande wa wanaume nazipokea mimi ofisini siku za Jumatano baada ya Alasiri. Jumamosi, baina ya Adhuhuri na Alasiri, deki huhamia chumba cha madrasa cha kina mama. Muda huo hutosha kanda moja tu ya saa tatu, kwa hiyo watu wajiandikishe mapema kwa katibu wa kina mama, ambaye siku hiyo ndiye mwenye ufunguo wa chumba. Kila mtu aje na diski yake, na kanda yenye ukungu ifungwe katika mfuko wa peke yake.