Masharti nafuu ya vituo vya mafuta vijijini: Kisaki inahitaji tangi la ukubwa gani?

KWA miaka mingi mkulima wa Kisaki, Wilaya ya Morogoro Vijijini, amekuwa akinunua petroli kwa chupa. Mafuta husafirishwa kwa madumu ya lita 20, juu ya bodaboda au katikati ya mizigo ya abiria, kwa barabara inayotoka Bigwa na kupita Matombo, Mvuha na Duthumi. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini Morogoro. Yakifika, humiminwa kwenye chupa za maji ya kunywa na kupangwa mezani mbele ya duka, mara nyingi hatua chache tu kutoka kwenye jiko la mama lishe.

Kisheria biashara hiyo haipo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inamtaka kila muuzaji wa mafuta awe na leseni, na leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Kiuchumi, hata hivyo, biashara hiyo ndiyo inayoendesha pampu za kumwagilia, pawatila za mashamba ya mpunga, mashine za kukoboa na bodaboda zinazobeba ufuta kutoka shambani. Ofisa akiamka asubuhi moja na kukamata chupa zote, jioni yake hakuna mashine itakayowaka.

Hapo ndipo yanapoingia masharti nafuu ambayo EWURA imeweka kwa vituo vya vijijini na miji midogo. Badala ya kumtaka mfanyabiashara wa kijijini ajenge kituo kama cha barabara kuu, kanuni zinamruhusu kuanza na uwanja mdogo, tangi dogo na pampu chache. Serikali, kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), nayo imeanzisha mikopo ya riba nafuu kwa wanaotaka kujenga vituo hivyo.

Wapo wanaosema kulegeza kanuni za mafuta ni kucheza na roho za watu, na mkoani Morogoro hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100.

Lakini anayeshika Msamvu kama hoja dhidi ya kituo kidogo anapima kwa mzani usio wake. Kijijini hakuna anayechagua kati ya kituo kikubwa na kituo kidogo. Kilichopo ni ama kituo kidogo ama chupa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini mpaka ukutane na kaa la moto. Dizeli ni tofauti, kwani mvuke wake hauwi wa hatari hiyo mpaka mafuta yapate joto la nyuzi 50 hivi au zaidi. Dumu la dizeli kwenye banda la mashine na chupa ya petroli juani si hatari moja, ingawa mtaani yote huitwa “mafuta”. Tangi la chuma lililofungwa vizuri, lenye bomba la kupumulia, ndoo za mchanga na vizimamoto, ni salama kuliko chupa 50 chini ya kitanda.

Nchi tajiri nazo hulegeza. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka matangi ya vituo vinavyojaza mafuta kwenye boti yakae nchi kavu, au kwenye gati lililojazwa mawe na udongo. Lakini pale ambapo tangi la nchi kavu lingehitaji bomba refu kupita kiasi, kanuni zinaruhusu tangi liwekwe juu ya gati, kwa sharti kwamba mafuta yote yanayohifadhiwa hapo yasizidi galoni 1,100, yaani kama lita 4,160. Na pale ambapo mwamba au maji ya ardhini yanazuia kuchimba, tangi la ufukweni linaruhusiwa kukaa juu ya ardhi. Mwenye kituo anasamehewa umbali, lakini anabanwa kwenye wingi.

Kwa Kisaki, swali gumu liko kwenye wingi huo huo.

Tuchukue mfano wa kituo kilichogharimu Sh 60 milioni, kwa mkopo wa miaka saba. Kurudisha mtaji peke yake, bila riba, ni kama Sh 8.6 milioni kwa mwaka. Ongeza mishahara, ulinzi, bima na leseni, tuseme Sh 6.4 milioni, jumla inakuwa Sh 15 milioni. Mwenye kituo akibakiwa na Sh 120 kwa kila lita, lazima auze lita 125,000 kwa mwaka, sawa na lita 342 kwa siku. Hizo ni bodaboda 114 zinazojaza lita tatu kila moja, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kwa hesabu hiyo hiyo, kituo cha Sh 300 milioni kingehitaji kuuza zaidi ya lita 1,100 kwa siku. Hicho cha pili hakiwezi kujengwa kijijini hata kama kanuni zingekilazimisha. Cha kwanza kinawezekana, ila kwa kubana sana.

Sasa lipime tangi. Kikomo kama kile cha gati la Marekani kikiwekwa Kisaki, mafuta yataisha kwa siku 12. Wakati wa kiangazi si tatizo. Wakati wa masika, barabara ikiharibika, lori la mafuta likishindwa kufika kwa wiki tatu kituo kitakuwa kimefungwa kwa siku tisa, na chupa zitarudi mezani. Tangi dogo linapunguza ukubwa wa moto unaoweza kutokea kituoni, kisha linarudisha moto majumbani. Isitoshe, ni nani atakayepeleka lori umbali wote huo kushusha lita 4,000? Gharama ya safari itagawanywa kwa lita chache, na kila lita itakuwa na mzigo mkubwa.

Kwa hiyo nafuu inayoifaa Kisaki si ya kunakili kipimo kimoja kwa vijiji vyote. Kijiji kilicho kando ya lami kinaweza kubaki na tangi dogo. Kijiji kinachokatika wakati wa mvua kinahitaji tangi linalotosha mwezi mmoja, yaani kama lita 10,000 kwa mauzo ya mfano huu, na fidia ya ukubwa huo iwe umbali kutoka kwenye nyumba. Ardhi ndiyo kitu ambacho Kisaki inayo kwa bei ambayo mjini haipatikani. Uwanja mpana nje kidogo ya makazi ni kinga ya bei nafuu kuliko vifaa vingi vya kuagiza.

Bei nayo ina neno lake. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Bei hiyo ikikokotolewa bila gharama kamili ya kipande cha mwisho cha safari, mwenye kituo atakuwa na njia tatu: kuuza kwa hasara, kufunga, au kuchakachua. Ya tatu Watanzania wanaifahamu. Ndiyo iliyofanya mafuta yaanze kuwekwa vinasaba mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa ipandishwe katika bajeti ya 2011/12 ili yasichanganywe na dizeli. Mkulima asikasirike akiona bei ya Kisaki imezidi ya mjini kwa Sh 100 au 150. Alinganishe na ya chupa. Muuzaji wa chupa akizidisha Sh 500 kwa lita, pawatila inayotumia lita 10 kwa siku inampotezea mwenye shamba Sh 5,000 kila siku ya kulima, na hana hakika kwamba lita aliyonunua ni lita kamili.

Kuna wanaohofia kwamba mikopo hii itachukuliwa na wenye vituo mjini. Hofu hiyo ina msingi, maana wao ndio wenye dhamana za benki. Kikundi kinachoweza kushindana nao ni chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), chenye wanachama ambao ndio wateja wa dizeli wakati wa kulima na kuvuna. Chama kinaweza pia kumkata mwanachama deni la mafuta kwenye malipo ya ufuta, jambo ambalo mfanyabiashara wa nje hawezi. Udhaifu wake unajulikana: vitabu vya hesabu. Mafuta ni bidhaa inayopungua yenyewe kwa mvuke, na inapungua zaidi kwa mikono. Chama kisichopima tangi kwa kijiti kila asubuhi na kila jioni, mbele ya mashahidi wawili, hakitafika mwaka wa pili wa kulipa mkopo.