Kamera kuukuu ndiyo ya kununua

Picha za Kilelengwani, kijiji cha Delta ya Tana, ambazo dunia iliziona ni za Septemba 2012. Tarehe 10 mwezi huo kijiji kilivamiwa, watu wasiopungua 38 wakauawa, polisi tisa wakiwemo, na wapiga picha wa mashirika ya habari wakaja na lenzi zao ndefu. Walipiga nyumba zilizoungua, wakapiga waliofiwa, wakarudi walikotoka. Mwaka huohuo Delta ya Tana iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600 za mito, mikoko, malisho na konde za mpunga. Hilo, ukilinganisha, lilipita kimyakimya.

Mtindo haujabadilika sana. Mto ukifurika, kama ulivyofurika Novemba 2023 na tena Aprili 2024, kamera kubwa zinaonekana Garsen. Maji yakipungua nazo zinatoweka. Ng'ombe wakivushwa mto, mwembe ukizaa, wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadheda, baraza la Waorma, wakikaa kikao kimoja, anayepiga picha ni kijana mwenye simu, na simu ikiibwa au kuanguka majini kumbukumbu zote zimekwenda nayo.

Simu si adui. Mchana kweupe, kwa picha ya mandhari ya kutuma WhatsApp, simu ya kawaida inatosha na hakuna haja ya kumpotezea mtu fedha. Lakini delta ina mambo mawili yanayoishinda simu: giza la ndani ya nyumba na umbali. Arusi nyingi huchezwa usiku chini ya taa moja, na ndege kama mwari au korongo hakusubiri umsogelee. Simu ya bei nafuu ikivuta kitu cha mbali, mara nyingi inachofanya ni kukata kipande cha picha na kukikuza, ndiyo maana ndege hutoka kama doa la rangi. Kamera ya DSLR, yaani ile kubwa yenye kioo cha ndani, ina sensa ya takribani milimita 22 kwa 15 au zaidi kidogo, kubwa mara nyingi kuliko ile ya simu, na lenzi yake hubadilishwa kulingana na kazi.

Habari njema ni kwamba kamera hizo hazijawahi kuwa rahisi kuzipata kama sasa, na sababu yake ni kwamba matajiri wamezichoka. Mwaka 2003 Canon ilipotoa EOS 300D, ilikuwa ajabu kuona DSLR ikiuzwa chini ya dola 1,000. Miaka 15 baadaye, katika miezi miwili ya Agosti na Septemba 2018, Nikon na Canon zote zilizindua mifumo yao mikubwa ya kamera zisizo na kioo cha ndani, na tangu hapo fedha na akili za viwanda zimehamia huko. Studio za mijini zinahama pia. Wanachokiacha ni kamera zilizopiga arusi jana na zinazoweza kupiga arusi kesho, kwa bei ya mtumba.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Kijana anaweka akiba mwaka mzima, anapanda basi hadi Mombasa au Nairobi, na dukani anaulizia iliyo mpya. Muuzaji anamtolea boksi lililofungwa, kamera ya daraja la chini kabisa ya kampuni kubwa, na kijana anarudi nyumbani akiamini amenunua ya kisasa. Upya wa boksi si ubora wa kilichomo. Kwa bajeti ya mtu wa Kilelengwani, kamera kongwe ya daraja la kati inaishinda kamera mpya ya daraja la chini, tena kwa mbali.

Mifano ipo. Nikon D3300 ya 2014 ina tundu la kuchomeka maikrofoni. D3400 iliyoifuata na D3500 ya 2018 zimeondolewa tundu hilo, kwa hiyo anayetaka kurekodi mahojiano na wazee, au mahubiri, au mashairi ya arusini, anapata sauti ya upepo. Canon 4000D, iliyotoka 2018, imewekewa plastiki pale lenzi inapofungwa, mahali ambapo kamera nyingine hutiwa chuma. Tena 4000D hiyo, na 250D iliyotoka 2019, hazina ile pini ya katikati juu ya kamera ambayo flashi za kampuni nyingine huitegemea. Mtu ananunua flashi ya Kichina ya bei nafuu, anaipachika, anabonyeza, na haiwaki. Flashi haina kosa lolote. Viwanda vilikuwa vinapunguza gharama kidogo kidogo, na anayelipia ni mnunuzi asiyejua cha kuuliza.

Sasa linganisha na Canon 700D ya 2013. Ina megapikseli 18, zinazotosha kuosha picha ya ukubwa wa A3 ikatoka safi, ina tundu la maikrofoni, pini ya flashi, na skrini inayogeuka. Au Nikon D7000 ya 2010: nafasi mbili za kadi, ili picha ya nikahi iandikwe mara mbili kwa wakati mmoja, mota ya kulenga ndani ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, inayoziendesha hata lenzi za zamani za Nikon, na betri ambayo kwa kipimo cha kiwanda hupiga picha 1,050 kabla ya kuisha, dhidi ya 440 za 700D. Mahali ambapo umeme ukipotea watu hungojea jua la sola, tofauti hiyo si ndogo. D7000 imezeeka, hilo halifichiki, na video zake ni za wastani. Lakini mtu akiuliza ni ipi ya kufanyia kazi ya picha za arusi delta kwa fedha kidogo, jibu ni hiyo.

Canon au Nikon? Ubishi huu umeshamaliza saa nyingi za watu vijiweni, na haustahili. Nunua ile anayoitumia rafiki yako wa Garsen au Malindi, ili muazimane lenzi na chaja. Tahadhari ni moja tu: lenzi za Canon za aina ya EF, zilizoanza 1987, hulenga zenyewe kwenye DSLR yoyote ya Canon, lakini kwa Nikon familia za D3000 na D5000 hazina mota ndani, kwa hiyo 50mm ya zamani yenye herufi D itakaa humo bila kulenga yenyewe. Anayemiliki bodi hizo atafute lenzi iliyoandikwa AF-S.

Na lenzi ndiko fedha zinakostahili kwenda. Mnunuzi wa kwanza huimaliza akiba yote kwenye bodi, kisha hubaki na lenzi ndogo ya 18-55 iliyokuja nayo, na usiku ukiingia analalamika kamera ni mbovu. Lenzi hiyo ikivutwa hadi mwisho hufungua f/5.6 tu. Lenzi ya 50mm yenye f/1.8 hupitisha mwanga takribani mara kumi zaidi. Canon iliitoa yake mpya mwaka 2015 kwa dola 125, gramu 160 tu, na hadi leo hakuna kifaa kingine kinachobadilisha picha za mtu kwa fedha kidogo kiasi hicho. Ina kasoro yake: ndani ya chumba kidogo cha udongo itakubana hadi mgongo uguse ukuta, maana kwenye sensa hizi 50mm huona kama 80. Kwa vyumba vya namna hiyo Nikon ina 35mm f/1.8 na Canon ina 24mm f/2.8. Anayetaka ndege, viboko na mamba atahitaji 55-250 ya Canon au 70-300 ya Nikon. Hizo zinaweza kungoja hadi kamera ianze kujilipa.

Kununua mtumba kunahitaji macho. Idadi ya picha zilizokwisha kupigwa ni kama kilomita za gari: D7000 ilijaribiwa kiwandani hadi kufyatuka mara 150,000, kwa hiyo iliyofikia 40,000 bado ni kijana. Nikon huiandika namba hiyo ndani ya faili ya kila picha, programu za bure huisoma. Kwa Canon nyingi kamera lazima iunganishwe na kompyuta, na muuzaji anayekataa kuiunganisha amekwisha kujibu swali. Piga picha ya anga jeupe kwa f/22 kisha uikuze, madoa meusi ni uchafu kwenye sensa. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na bei yoyote utakayoambiwa ni kubwa.

Kuvu ndio ugonjwa wa pwani hasa. Hewa ya Kilelengwani ina unyevu wa mto upande mmoja na wa bahari ya Kipini upande wa pili, na mkoba wa ngozi wa kifahari uliofungwa kabatini miezi mitatu ni kitalu cha kuvu. Kinga yake ni rahisi: ndoo au kasha la plastiki lenye kifuniko kisichopitisha hewa, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vifaa vya umeme. Wengine hutumia mchele. Mchele una vumbi lake, na mchele wa Tana una kazi nyingine nzuri zaidi.

Vifaa vingine vipitiwe haraka. Betri mbili, maana moja huwa kwenye chaja. Kadi mbili za GB 32 ni salama kuliko moja ya GB 128, kwa kuwa ikifa moja hazifi zote. Na kadi bandia zimejaa sokoni, kwa hiyo ijazwe yote kisha picha zifunguliwe kabla haijapelekwa kwenye arusi ya mtu. Flashi yenye kutumia betri nne ndogo za AA, zinazopatikana hata dukani Minjila. Stendi nyepesi ya alumini haifai, upepo wa jioni huiangusha na kamera yake, bora kusubiri. Filta ya kioo ya bei rahisi mbele ya lenzi hupunguza ubora wa lenzi uliyoinunua kwa jasho.

Kuna somo moja muhimu kuliko vifaa vyote hivyo. Kamera huhesabu mwanga kwa kudhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Ikiona kanzu nyeupe huidhania mwanga mwingi, ikapunguza, na uso wa bwana arusi ukatoka mweusi ti. Ikiona mabuibui yamejaa fremu hufanya kinyume, nyuso zikapauka. Kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa kipo kwa ajili hiyo: ongeza kwa kanzu, punguza kwa buibui. Anayelijua hili na kamera ya 2010 atampita aliye na kamera ya mwaka huu asiyelijua.

Ukanda huu una ushahidi wa zamani kwamba ufundi si bei ya kifaa. Lamu, mwendo wa saa chache kupitia Witu, Omar Said Bakor alifungua studio miaka ya 1960 na kujitengenezea mtindo wake wa kuunganisha picha kwa mkono, hadi kazi zake zikaandikiwa vitabu na watafiti wa Ulaya. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walifanya biashara miaka mingi kwa mapazia ya kuchora na kamera za kawaida.

Je, soko lipo? Lipo, na sehemu yake kubwa haijaguswa. Katika arusi za Waislamu wa pwani usiku wa wanawake hauna mwanamume, na simu za wageni mara nyingi huwekwa kando. Mpiga picha mwanamke mwenye kamera yake, anayeaminika kwamba picha zitatoka kwenye kadi kwenda mikononi mwa bibi arusi na si kwingine, hatakosa kazi kuanzia Kipini hadi Garsen. Kina dada watano wa chama kimoja wakinunua bodi mbili za kampuni moja na lenzi nne tofauti, wanakuwa na studio ambayo hakuna mmoja wao angeimudu peke yake. Fedha za vijana za kaunti zingefanya kazi zaidi hapo kuliko kwenye semina za siku mbili hotelini Malindi.

Chama hicho kitahitaji pia daftari la ridhaa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mtu ni data yake, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni. Fomu inaweza kuwa ya ukurasa mmoja: jina, tarehe, picha itatumika wapi, sahihi ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 18, na nafasi ya alama ya kidole kwa asiyeandika.